Kunja na Kunjua: Kromatini ya Seli za Ini na Kauli ya Kutendua katika Uundaji wa Istilahi za Kiswahili



1.0 Utangulizi

Mhadhara wa Kiswahili unaohusu seli za ini huenda ukawashangaza baadhi yenu. Ini tumelizoea katika misemo, kama tunaposema kwamba maneno ya fulani yamemkata mwenzake maini. Mambo yaliyomo ndani ya seli zake tumewaachia wanabiolojia na matabibu, nao kwa kawaida huyaandika kwa Kiingereza. Mgawanyo huu wa kazi una gharama yake. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha anapoingia sekondari hulazimika kuianza upya kwa lugha nyingine. Mgonjwa naye huelezwa majibu ya vipimo vyake kwa Kiswahili, mara nyingi kwa maneno ambayo mtoa huduma ameyatafuta papo hapo, kwa kuwa hakuna aliyemwandalia.

Katika mhadhara huu nitafanya mambo mawili. Kwanza, nitaeleza jinsi kromatini ya seli za ini inavyoonekana chini ya hadubini na jinsi maarifa hayo yalivyopatikana. Pili, nitauliza maarifa hayo yanatufundisha nini kuhusu uundaji wa istilahi. Hoja yangu ni kwamba kromatini hueleweka vizuri zaidi kama tendo la kukunja na kukunjua, na kwamba Kiswahili kina kauli ya kitenzi inayolibeba tendo hilo barabara, yaani kauli ya kutendua. Nitajaribu kuonyesha pia kwamba mipaka ya kauli hiyo inakaribiana sana na mpaka uliopo kati ya mabadiliko ambayo seli ya ini huweza kuyarudisha nyuma na madhara ambayo haiwezi kuyafuta.

2.0 Kinachoonekana chini ya hadubini

2.1 Hadubini ya mwanga

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Sehemu kubwa ya ujazo wake ni seli za aina moja ziitwazo hepatositi, ambazo hapa nitaziita kwa urahisi seli za ini. Seli hizi ndizo zinazotengeneza albumini na protini nyingi za kugandisha damu. Ndizo zinazotengeneza nyongo. Ndizo zinazogeuza amonia kuwa urea. Na ndizo zinazokabiliana na sumu nyingi tunazozimeza.

Ili kuzitazama, kipande cha ini hukatwa kuwa utando wenye unene wa mikromita 4 au 5. Mikromita moja ni sehemu moja kati ya elfu za milimita. Utando huo hutiwa rangi mbili. Eosini huipa sehemu kubwa ya seli rangi ya waridi. Hematoksilini, ambayo asili yake ni mti unaoota Meksiko na Amerika ya Kati, hukipa kiini rangi ya buluu iliyoiva. Dutu iliyomo ndani ya kiini ambayo hunywa rangi hiyo ndiyo kromatini.

Jina hilo lilibuniwa na mwanabiolojia Mjerumani Walther Flemming, karibu na mwaka 1880, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi. Flemming hakujua dutu hiyo imeundwa na nini. Aliipa jina kutokana na tabia yake mbele ya rangi za maabara, naye alilichukulia kuwa jina la kutumiwa mpaka asili yake ya kikemia ijulikane. Leo tunajua kwamba kromatini ni DNA ikiwa pamoja na protini zinazoifungasha, hasa zile ziitwazo histoni. Hata hivyo jina la muda limedumu kwa zaidi ya miaka 140. Hili ni la kwanza la kukumbuka: istilahi ikishaingia vitabuni, haitoki kwa sababu tu ujuzi umeongezeka.

Kiini cha seli ya ini ni cha mviringo na kwa kawaida huwa karibu na katikati ya seli. Kinapotiwa rangi huonekana kuwa cheupe kwa sehemu kubwa, kikiwa na vidonge vichache vya rangi nzito, pamoja na nukleoli moja au zaidi, yaani donge ambamo ribosomu za seli huanza kuundwa. Kando yake, katika mishipa myembamba inayopita kati ya seli za ini, pengine hupita limfositi, ambayo ni aina ya seli nyeupe ya damu. Kiini cha limfositi iliyo katika mapumziko ni kidogo, na ni cheusi karibu chote. Seli hizi mbili za mtu mmoja zina DNA ya aina moja. Kinachozitofautisha machoni petu ni namna DNA hiyo ilivyokunjwa.

Mwaka 1928 Emil Heitz, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akichunguza kuvumwani, aliipa sehemu nzito ya kromatini jina la heterokromatini, na ile iliyotawanyika akaiita yukromatini. Weupe wa kiini cha seli ya ini, basi, si utupu. Ni yukromatini iliyokunjuka kiasi kwamba haikusanyi rangi mahali pamoja, na ni dalili ya seli yenye shughuli nyingi: jeni zake nyingi zimo katika kusomwa.

Jambo jingine humshtua mwanafunzi anayelitazama ini kwa mara ya kwanza. Baadhi ya seli zake zina viini viwili, na baadhi ya viini ni vikubwa kupita vingine kwa dhahiri. Katika seli nyingine za mwili hali hiyo ingezua shaka ya saratani. Katika ini ni jambo la kawaida, kwa sababu seli nyingi za kiungo hiki hubeba seti nne za kromosomu, au hata nane, badala ya mbili. Katika panya wakubwa seli za namna hiyo ndizo nyingi. Kwa binadamu zipo, ingawa ni chache zaidi.

2.2 Hadubini ya elektroni

Hadubini ya elektroni hutuonyesha mpangilio ambao mwanga hauwezi kuuonyesha. Heterokromatini ya seli ya ini imejibanza mahali pawili hasa: kando ya utando wa kiini kwa ndani, na kuzunguka nukleoli. Lakini ukanda huo wa pembeni haukuziba kote. Mbele ya kila tundu la utando, ambapo molekuli hupita kuingia na kutoka, pana uwazi. Sehemu iliyobaki ya kiini imejaa yukromatini, ambayo katika picha huonekana kama vumbi laini lisilo na umbo dhahiri. Swali la vumbi hilo limeumbwa vipi ndilo lililowashughulisha wataalamu kwa karne moja.

3.0 Ini la panya kama shahidi

Tuanze na vipimo. DNA yote ya seli ya binadamu yenye seti mbili za kromosomu, ikinyooshwa na kuunganishwa, ina urefu wa takriban mita 2. Kiini kinachoibeba kina kipenyo kisichofika mikromita 10. Ni lazima, basi, DNA hiyo iwe imekunjwa, na ikunjwe kwa namna inayoruhusu sehemu yoyote ile kufunguliwa pindi inapohitajika.

Ushahidi wa kwanza wa jinsi inavyokunjwa ulitoka katika ini la panya. Mwaka 1973, nchini Australia, Dean Hewish na Leigh Burgoyne waliviacha viini vya seli za ini la panya katika hali iliyokiruhusu kimeng'enya kilichomo ndani ya viini hivyo kuikata DNA. Kama DNA ingekuwa wazi kote, vipande vingetoka na urefu wa kila namna. Badala yake vilitoka kwa vipimo vya hatua, kila kimoja kikiwa kizidisho cha kipimo kimoja cha msingi. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilikuwa kikiikinga DNA kwa mapigo yanayolingana. Mwaka uliofuata Markus Noll, akitumia pia ini la panya, alikikadiria kipimo hicho kuwa jozi za besi 205. Mwaka huohuo wa 1974 Roger Kornberg alipendekeza kwamba kila pigo ni kundi la histoni nane lililozungukwa na DNA. Ada Olins na Donald Olins nao wakachapisha picha za hadubini ya elektroni za kromatini kutoka viini vya tezi ya thimasi na ini la panya, na vya chembe nyekundu za damu ya kuku. Picha hizo zilionyesha vidonge vilivyopangana juu ya uzi mwembamba. Mwaka 1975 kidonge hicho kilipewa jina la nyukliosomu.

Mwaka 1997 Karolin Luger, Timothy Richmond na wenzao huko Zürich walichapisha umbo la nyukliosomu kwa undani unaokaribia ule wa atomu. Histoni za aina nne, mbili za kila aina, hufanya kiini kigumu, na jozi za besi 146 za DNA hukizunguka mara moja na theluthi mbili hivi.

Hadi hapa ushahidi ni imara. Mashaka yalianza katika hatua iliyofuata. Picha za vidonge juu ya uzi zilipatikana kwa kuvivimbisha viini katika maji hadi kromatini ikatawanyika. Hazikuwa picha za kiini kilicho katika hali yake. Mwaka 1976 John Finch na Aaron Klug walionyesha kwamba, chumvi ikiongezwa katika chombo cha maabara, msururu wa nyukliosomu hujisokota kuwa kamba yenye unene wa nanomita 30 hivi. Kamba hiyo iliingia katika vitabu vya kiada duniani kote. Kwa miongo mitatu wanafunzi walichorewa ngazi nadhifu: uzi, shanga, kamba, kitanzi, kromosomu.

Mbinu zilipoboreshwa, kamba haikuonekana. Mwaka 2008 Mikhail Eltsov na wenzake waliichunguza kromatini ya seli za binadamu zilizogandishwa ghafla bila rangi wala kemikali za kukausha, nao hawakuiona. Mwaka 2017 kundi la Clodagh O'Shea huko California liliipaka DNA metali ndani ya kiini chenyewe, likaona mnyororo usio na mpangilio maalumu, wenye unene wa kati ya nanomita 5 na 24, uliosongamana zaidi mahali fulani na kulegea mahali pengine. Kamba za nanomita 30 zimeonekana kweli katika seli chache, kama vile chembe nyekundu za damu ya kuku, ambazo viini vyake vimekwisha kunyamaza.

Kwa mwanaisimu habari hii ina funzo. Tungalikuwa tumelitafsiri jina la kamba hiyo kwa Kiswahili katika miaka ya 1980, leo tungekuwa na istilahi fasaha ya kitu ambacho katika seli nyingi hakipo. Istilahi inayofuata umbo lililoonekana katika matayarisho fulani ya maabara huchakaa pamoja na matayarisho hayo. Istilahi inayofuata tendo, yaani kile ambacho kitu hufanya au hufanyiwa, hudumu zaidi. Ngazi nadhifu imevunjika, lakini hakuna aliyeacha kusema kwamba kromatini hukunjwa na hukunjuliwa.

4.0 Kauli ya kutendua

Wanafunzi wa sarufi wanaifahamu kauli hii. Kiambishi -u-, ambacho huwa -o- kikitanguliwa na irabu o katika mzizi, hukigeuza kitenzi kiwe na maana ya kuliondoa tendo la awali: funga huzaa fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, fuma, fumua, tega, tegua, choma kwa maana ya kutia kitu chenye ncha huzaa chomoa. Vitenzi vyenye -ik- huiacha kwanza: funika huzaa funua, na bandika huzaa bandua. Si kila kitenzi chenye sauti hiyo ni cha kutendua, kwani chukua na pasua havina asili ya namna hiyo katika Kiswahili cha leo.

Sasa tuitazame kazi ya kromatini kwa kutumia vitenzi hivi. Mikia ya histoni hutokeza nje ya nyukliosomu. Vimeng'enya fulani hubandika juu ya mikia hiyo vikundi vidogo vya kikemia, kama vile asetili, na vimeng'enya vingine huvibandua. Tangu mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake walikuwa wamehusisha kubandikwa kwa asetili na kuongezeka kwa usomaji wa jeni. Asetili ikibandikwa, mshiko kati ya histoni na DNA hulegea na kromatini hukunjuka. Ikibanduliwa, hukunjika tena. Ufafanuzi mzima wa tendo hili, ambao katika lugha nyingine huhitaji viambishi vya kuazima au maneno mawili mawili, katika Kiswahili hukaa ndani ya jozi mbili za vitenzi: bandika na bandua, kunja na kunjua.

Chukua mfano wa jeni ya albumini. Jeni hiyo imo katika kila kiini cha mwili, katika neva na katika ngozi, lakini ini ndilo linalotengeneza albumini ya damu. Katika kiinitete, kabla ini halijaumbika, protini za kundi la FoxA hujishikiza kwenye eneo linaloiongoza jeni hiyo hata likiwa bado limefungashwa na nyukliosomu, na kuwafungulia njia wasomaji wengine. Kazi hii imeelezwa kwa kina na Kenneth Zaret na wenzake. Seli ya ini ni seli ya ini kwa sababu ya kurasa zilizofunuliwa ndani yake. Katika seli ya neva kurasa hizohizo zimefunikwa, ingawa kitabu ni kilekile.

Niongeze tahadhari. Kati ya kufungwa kabisa na kufunguliwa kabisa zipo hali nyingi, na jeni kuwa wazi hakutoshi kuifanya isomwe. Lakini hata tahadhari hii lugha yetu inaibeba bila taabu: mlango unaweza kufunguliwa na asiingie mtu.

5.0 Yasiyotenduka

Kauli ya kutendua ina mpaka. Tunasema kunjua, lakini pika haina kitenzi cha kuirudisha nyuma. Hatuna cha kutendua saga, wala chinja, wala vunja. Mfano ulio wazi kuliko yote ni choma. Kwa maana ya kutia mwiba, choma huzaa chomoa. Kwa maana ya kuunguza, haizai kitu. Kwa ujumla kauli hii hukubali vitenzi vya kufunga, kufunika, kushikamanisha na kukunja, ambavyo hukiacha kitu kikiwa kizima. Tendo linapokibadili kitu chenyewe, sarufi hunyamaza.

Mpaka huohuo umo ndani ya kiini cha seli ya ini. Kubandikwa na kubanduliwa kwa vikundi vya asetili hakubadilishi mfuatano wa besi za DNA. Yapo mambo mawili, yote mazito katika Afrika Mashariki, yanayouvuka mpaka huo.

La kwanza ni sumukuvu, sumu itolewayo na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kwa kiasi kikubwa sumu hii huua kwa haraka. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 mlipuko mwingine uliikumba mikoa ya kati ya Tanzania, ikiwemo Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo kinachojirudia mwaka hadi mwaka, sumu hii hufanya kazi kimyakimya. Seli ya ini, katika jitihada za kuivunja, huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, ambayo hujibandika kwenye besi ya DNA iitwayo guanini. Wakati huo bado upo uwezekano wa kutendua: vimeng'enya vya ukarabati huweza kukiondoa kibandiko hicho. Lakini seli ikijigawa kabla ya ukarabati, besi isiyo sahihi huandikwa mahali pake, na kosa huwa nakala. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika walikuwa na kosa la namna hiyo, mahali palepale, katika jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuilinda seli dhidi ya saratani. Hapo hakuna tena cha kubandua.

La pili ni virusi vya hepatitisi B. Virusi hivi vikiingia katika seli ya ini, DNA yao hufika ndani ya kiini na kugeuzwa kuwa duara lililofungwa. Kisha, na hili ndilo linalotuhusu leo, seli huifungasha DNA hiyo kwa histoni zake yenyewe. DNA ya mgeni huvaa vazi la mwenyeji na kuwa mfano wa kromosomu ndogo katikati ya kromosomu za ini. Dawa kama tenofovir huzuia virusi visizaliane, na zimeokoa maisha ya wengi, lakini haziliondoi duara hilo. Ndiyo maana wagonjwa wengi huhitaji dawa kwa miaka mingi, na wakiziacha bila ushauri virusi huweza kurudi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya virusi hivi. Mtu mwenye virusi hivi anayekula pia chakula chenye sumukuvu yumo katika hatari ya saratani ya ini kubwa kuliko ile ya mwenye tatizo moja tu.

6.0 Istilahi na wajibu wetu

Tunazo basi istilahi tatu za kulinganisha.

Sumukuvu ni neno lililoundwa kwa kuambatanisha sumu na kuvu. Mkulima anayelisikia kwa mara ya kwanza anajua kwamba lipo jambo la sumu, na kwamba linatokana na kuvu anaowaona ghalani. Neno linataja chanzo, na kwa kutaja chanzo linaelekeza kinga: kausha, chambua, hifadhi pakavu.

Homa ya ini, jina linalotumika sana nchini Tanzania kwa hepatitisi, linataja dalili, tena dalili ambayo mara nyingi haipo. Mtu mwenye virusi B vilivyo sugu anaweza kuishi miaka mingi bila homa na bila maumivu yoyote, huku duara tulilolitaja likiendelea kukaa katika viini vya seli zake. Akiambiwa ana homa ya ini, naye akijigusa paji la uso asione joto, ana sababu ya lugha kabisa ya kutoamini majibu ya maabara. Jina hili pia humkaribisha mtu kulichanganya tatizo lake na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu. Sipendekezi lifutwe kwa amri, kwani maneno yaliyokwisha kuenea hayafutiki hivyo. Napendekeza kwamba katika vitabu, katika mabango na katika maelezo kwa mgonjwa tuseme maambukizi ya virusi vya ini aina ya B, tukitaja chanzo kama tulivyofanya kwa sumukuvu, na jina la zamani lifuate kama kitambulisho.

Kromatini ni istilahi ya tatu, nayo ni neno la kutoholewa. Wapo watakaotaka neno la asili ya Kibantu. Mimi naona tulitohoe na tuliache. Hata katika lugha lilikozaliwa halielezi asili ya kitu. Kulitafsiri kwa neno lenye maana ya rangi kungekuwa kuirithi bahati ya Flemming bila faida. Kazi yetu ya kubuni ielekezwe kwenye matendo yanayolizunguka. Kwa heterokromatini napendekeza kromatini fungamani, kwa kivumishi ambacho wanaisimu wamekizoea katika mofimu fungamani. Kwa yukromatini napendekeza kromatini kunjufu, kutokana na kunjua, kama katika uso mkunjufu na moyo mkunjufu. Nilifikiria jozi ya kunjika na kunjuka, nikaiacha: tofauti ya irabu moja inaweza kupotea masikioni mwa mwanafunzi aliyeketi nyuma ya ukumbi. Kwa vikundi vya kikemia vilivyo juu ya histoni tuseme vibandiko, na kwa vimeng'enya vyake vibandikaji na vibanduaji.

Lipo pia neno vinasaba, ambalo katika matumizi ya kila siku husimama mahali pa DNA na mahali pa jeni kwa pamoja. Mahakamani, panapotafutwa ukoo wa mtoto, mkanganyiko huo huenda usilete hasara. Darasani unaleta, kwa sababu hoja nzima ya kromatini ni kwamba DNA ni ileile katika kila seli, wakati jeni zinazosomwa ni tofauti. Asiyeweza kuitamka tofauti hiyo hawezi kueleza kwa nini ini si ubongo. Ningeomba DNA ibaki kuwa jina la molekuli, jeni iwe sehemu yake inayosomwa, na vinasaba tuviachie uwanja wa sheria na ukoo.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba weupe wa kiini cha seli ya ini ni alama ya kromatini iliyokunjuliwa kwa ajili ya kazi. Kwamba ini la panya lilitoa ushahidi wa mapigo ya nyukliosomu. Na kwamba kamba nadhifu ya vitabuni haikustahimili hadubini bora zaidi, ilhali matendo ya kukunja na kukunjua yamestahimili. Tumeona pia kwamba kauli ya kutendua inatupa chombo cha kuyaeleza matendo hayo, na kwamba pale inapokoma ndipo yanapoanza madhara ambayo dawa za leo haziwezi kuyafuta.

Kwa madhara hayo iliyobaki ni kinga. Chanjo dhidi ya virusi B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Kenya mwaka 2001 na Tanzania mwaka 2002. Wengi wa watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata, na hao ndio wanaopaswa kuelewa kwa nini wapime hata kama hawana homa. Maelezo hayo watayapata kwa Kiswahili au hawatayapata. Kuyaandaa vizuri, kwa maneno yaliyopimwa dhidi ya kitu chenyewe, ni sehemu ya kazi ya idara za Kiswahili sawa na ushairi na fonolojia, na nawaomba wanafunzi mlioko hapa mwifanye pamoja na wenzenu wa maabara, mkiwa mezani pamoja nao wakati picha za hadubini zinapotazamwa.